Mkuki Uwakao: Winston Rodney, Kumbukumbu ya Marcus Garvey na Umiliki wa Sauti, 1969–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya kisanaa ya Winston Rodney, mwimbaji mkongwe wa rege kutoka Jamaika anayejulikana kwa jina la Burning Spear, yaani Mkuki Uwakao, jina alilolitwaa kutoka kwa Jomo Kenyatta. Yanajenga hoja kwamba katika kazi ya Rodney maswali mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali, yaani nani anaitunza historia na nani anaimiliki rekodi, ni swali moja. Makala yanafuatilia mzunguko wa maneno na majina kati ya Jamaika na Kenya, nafasi ya albamu ya mwaka 1975 katika kumbukumbu ya Marcus Garvey, na juhudi za mwimbaji huyo za kuimiliki sauti yake. Yanaonyesha pia mipaka ya wimbo kama ushahidi wa kihistoria, na kuhitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa kanda yetu.

Istilahi za msingi: rege, kumbukumbu ya umma, Umajumui wa Afrika, hakimiliki, kumbukumbu za sauti

1.0 Utangulizi

Mabaki ya Marcus Garvey yalirejeshwa Jamaika kutoka London mwaka 1964, akazikwa kwa heshima zote jijini Kingston, na akatambuliwa kuwa shujaa wa kwanza wa taifa hilo. Miaka 11 baadaye mwimbaji kutoka mji uleule alikozaliwa Garvey alitoa albamu yenye malalamiko mazito kwamba Garvey amesahauliwa. Mtafiti akiyatazama matukio haya mawili kwa pamoja hana budi kujiuliza: inawezekanaje mtu aliyejengewa kaburi la kitaifa awe amesahauliwa? Ikiwa dola lilikuwa limekwisha kumkumbuka, mwimbaji alikuwa akidai nini zaidi?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Mwimbaji anayezungumziwa, Winston Rodney, alirekodi wimbo wake wa kwanza mwaka 1969, na albamu yake ya hivi karibuni, No Destroyer, ilitoka mwaka 2023. Katika kipindi hicho cha zaidi ya nusu karne amekuwa miongoni mwa waimbaji wachache wa rege walioifanya historia yenyewe kuwa maudhui yao makuu: utumwa, ukoloni, ujio wa Columbus, na zaidi ya yote maisha na mafundisho ya Garvey. Maandishi mengi juu ya rege katika lugha yetu yamemwelekea Bob Marley, na si ajabu. Hata hivyo, kwa mtafiti wa historia na kwa mshauri wa sera za utamaduni, Rodney ana funzo la peke yake, kwa sababu aliimba juu ya kujitegemea na baadaye akalazimika kukitekeleza kwa vitendo kile alichokiimba.

Hoja ya makala ni kwamba kumbukumbu inayohifadhiwa kwa sauti haiwezi kutenganishwa na umiliki wa sauti hiyo. Anayeimiliki kanda asilia ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu namna kumbukumbu itakavyosikika, itauzwa wapi, na itamfikia nani. Hoja hii inajengwa kwa kufuata mtiririko wa wakati: mahali alikozaliwa mwimbaji, jina alilojipa, rekodi zake za awali, albamu ya mwaka 1975, na hatua zake za kujimiliki.

2.0 St. Ann: mahali penye historia nyingi

Rodney alizaliwa tarehe 1 Machi 1945 katika mji wa St. Ann's Bay, pwani ya kaskazini ya Jamaika. Garvey alizaliwa katika mji huohuo tarehe 17 Agosti 1887, miaka 49 baada ya watumwa wa kisiwa hicho kupata uhuru kamili mwaka 1838. Bob Marley naye alizaliwa katika wilaya hiyohiyo ya St. Ann, kijijini Nine Mile, mwaka 1945.

Mahali hapa pana kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi. Christopher Columbus alifika Jamaika mwaka 1494, na katika safari yake ya mwisho alikwama kwenye ghuba hiyohiyo kwa takriban mwaka mmoja, kuanzia 1503 hadi 1504. Wahispania walianzisha mji wao wa kwanza kisiwani, Sevilla la Nueva, karibu na hapo mwaka 1509. Kwa hiyo mtoto aliyekulia St. Ann's Bay katika miaka ya mwisho ya ukoloni wa Kiingereza aliishi mahali palipobeba majina mawili makubwa yenye kupingana: la mtu aliyeufungulia mlango utawala wa Ulaya, na la mtu aliyewataka Waafrika walioko ughaibuni waukatae utawala huo. Mwaka 1980, katika albamu ya Hail H.I.M., Rodney aliimba wimbo wenye jina la Columbus ambao unayakana madai kwamba baharia huyo alikigundua kisiwa, kwa hoja iliyo wazi kwamba wenyeji wa asili walikuwa wakiishi pale kabla yake. Hoja hiyo aliitoa mtu aliyekua kando ya ghuba yenyewe.

Garvey aliondoka Jamaika baada ya kuanzisha chama cha UNIA mjini Kingston mwaka 1914, akafika Marekani mwaka 1916, na huko Harlem akakikuza chama hicho kuwa vuguvugu kubwa la watu weusi. Gazeti lake, Negro World, lilianza kutoka mwaka 1918. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya meli ya Black Star Line, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa dola 5 kila moja ili hata mfanyakazi wa hali ya chini aweze kununua. Kampuni hiyo ilianguka mwaka 1922. Garvey akatiwa hatiani mwaka 1923 kwa kosa la ulaghai kupitia posta, akafungwa Atlanta mwaka 1925, na kufukuzwa Marekani mwaka 1927. Alifariki London mwaka 1940. Hatia hiyo ililalamikiwa kwa miongo mingi kuwa ya kisiasa, na tarehe 19 Januari 2025 Rais Joe Biden alimpa msamaha baada ya kifo.

Ni muhimu kuikumbuka Black Star Line, kwa kuwa mafundisho ya Garvey hayakuwa ya fahari ya rangi pekee. Yalikuwa pia mafundisho ya mali: kwamba watu wasiomiliki meli, viwanda na magazeti yao watabaki wakisafirishwa, wakiajiriwa na kusimuliwa na wengine.

3.0 Jina lililovuka bahari mara mbili

Rodney alipoanza kuimba alijiita Burning Spear, jina la sifa ambalo Jomo Kenyatta alijulikana nalo katika Kiingereza. Mkuki ulikuwa umekwisha kuhusishwa na Kenyatta hata katika picha: katika kitabu chake cha Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938, anaonekana amevaa vazi la ngozi huku akigusa ncha ya mkuki. Habari za vita vya Mau Mau, kesi ya Kapenguria ya miaka 1952 na 1953, na kifungo cha miaka saba alichohukumiwa Kenyatta zilisambaa katika makoloni yote ya Kiingereza, Jamaika ikiwamo. Baadhi ya watafiti wamezihusisha hata nywele za misokoto za Warasta na picha za wapiganaji wa msituni nchini Kenya, ingawa wengine wanalipinga dai hilo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jina hili huonekana kama heshima kutoka mbali. Lakini mtafiti akirudi nyuma zaidi ataona kuwa jina hilo lilikuwa sehemu ya mzunguko uliokuwa umeanza upande wa pili. Mwanahistoria wa Trinidad, C. L. R. James, katika nyongeza aliyoiandika kwa ajili ya toleo la mwaka 1963 la kitabu chake cha The Black Jacobins, anasimulia jambo aliloambiwa na Kenyatta mwenyewe. Mnamo mwaka 1921, Wakenya wapenda uhuru wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka msomaji wa gazeti la Garvey, wakiisikiliza makala mara mbili au tatu mpaka imewakaa kichwani. Kisha walitawanyika kupitia msituni, kila mmoja na njia yake, kwenda kuyarudia maneno hayo yote kwa watu waliokuwa na kiu ya mafundisho.

Simulizi hii ni ya mtu mmoja akimnukuu mwingine, nayo ipokewe kwa tahadhari inayostahili ushahidi wa aina hiyo. Hata hivyo inatuonyesha jambo la msingi. Maneno ya mzaliwa wa St. Ann's Bay yaliingia Kenya kwa maandishi lakini yakaenea kwa sikio, kwa kukariri na kwa kurudia. Takriban miaka 50 baadaye, mzaliwa mwingine wa mji huohuo alilichukua jina la sifa la Mkenya, akalitumia kumrudisha Garvey katika masikio ya watu wake mwenyewe, kwa njia ileile ya kurudia. Mzunguko huo haukuratibiwa na serikali wala chuo kikuu chochote.

Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine ya mawasiliano kati ya Jamaika na pwani yetu. Mwanahistoria Walter Rodney, Mguyana ambaye jina lake la ukoo linafanana na la mwimbaji, alifundisha katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda kufundisha Jamaika, ambako alikaa na Warasta na vijana wa mitaani akizungumza nao juu ya historia ya Afrika. Serikali ya Jamaika ilimzuia kuingia nchini Oktoba 1968, na ghasia zikazuka Kingston. Alirejea Dar es Salaam mwaka 1969, na huko akaandika kitabu chake mashuhuri kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika, kilichochapishwa mwaka 1972. Kwa hiyo mwaka ambao mwimbaji alirekodi wimbo wake wa kwanza ulikuwa mwaka ambao historia ya Afrika, ikisimuliwa mitaani nje ya madarasa, ilikuwa imekwisha kuonekana na dola la Jamaika kuwa jambo la hatari.

4.0 Studio One, 1969–1974

Kisa cha namna Rodney alivyoingia katika muziki kinajulikana sana. Alikutana na Bob Marley katika milima ya St. Ann, Marley akiwa na punda wake akielekea shambani. Alipomuuliza aanzie wapi, Marley alimshauri aende Studio One, studio ya Clement Dodd iliyokuwa Kingston. Huko, akiwa na mwenzake Rupert Willington, Rodney alirekodi wimbo wa Door Peep mwaka 1969. Baadaye Delroy Hinds alijiunga nao na kundi likawa la watu watatu. Albamu mbili za kipindi hiki zilitoka mwaka 1973 na 1974.

Studio One ilikuwa chuo na kiwanda kwa wakati mmoja. Vijana wengi waliojenga muziki wa Jamaika walijifunza kazi pale, wakapata wapigaji hodari na mitambo bora kwa kiwango cha kisiwa hicho. Lakini utaratibu wa biashara ya muziki ya Kingston wakati huo ulikuwa kwamba mwimbaji alilipwa fedha kidogo kwa kurekodi, na kanda zikabaki kuwa mali ya mtayarishaji. Wimbo ukivuma, faida yake ilikwenda kwa mwenye kanda.

Sheria nayo haikumsaidia mwimbaji. Jamaika ilipata uhuru mwaka 1962, lakini katika masuala ya hakimiliki iliendelea kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 hadi ilipopata sheria yake yenyewe mwaka 1993. Maana yake ni kwamba ska, rocksteady na rege, pamoja na karibu rekodi zote zilizoipa Jamaika jina duniani, zilitengenezwa chini ya sheria ya kikoloni iliyotungwa kabla hata redio haijawa chombo cha umma. Taifa lilikuwa huru kwa bendera na wimbo wa taifa, ila sauti za wasanii wake zililindwa, au ziliachwa bila kulindwa, kwa kanuni za zama za mfalme George wa Tano.

5.0 Mwaka 1975: Garvey anarudi kwa sauti

Rodney aliachana na Studio One na kuanza kufanya kazi na Lawrence Lindo, maarufu kwa jina la Jack Ruby, mmiliki wa mitambo ya muziki ya dansi za mitaani mjini Ocho Rios, si mbali na St. Ann's Bay. Ruby aliwakusanya wapigaji wenye uwezo wa juu, miongoni mwao Earl Smith, Robbie Shakespeare, Aston Barrett na Leroy Wallace, pamoja na wapuliza tarumbeta na tromboni, Bobby Ellis na Vin Gordon. Wimbo wa kwanza, wenye jina la Marcus Garvey, ulikusudiwa kupigwa kwenye mitambo ya Ruby pekee. Wacheza dansi walivyoupokea, ikabidi utolewe kwa umma, na wimbo wa Slavery Days ukafuata. Albamu nzima, yenye jina la Marcus Garvey, ilitoka mwaka 1975.

Ufundi wa nyimbo hizi unahitaji maelezo. Rodney hasimulii maisha ya Garvey kwa mpangilio wa tarehe. Katika Slavery Days anamuuliza msikilizaji, tena na tena, iwapo anazikumbuka siku za utumwa. Msikilizaji wa mwaka 1975 hakuwapo enzi za utumwa, basi swali hilo kwa mantiki ya kawaida haliwezi kujibika. Lakini kwa kulirudia, mwimbaji anamfanya msikilizaji awe shahidi, kana kwamba yaliyowapata mababu yamempata yeye. Waitikiaji wanajibu, ngoma zinasisitiza, na mwisho wake kumbukumbu inakuwa tendo la kundi. Msomaji aliyezoea ngano zetu, ambamo hadhira huitikia na kuimba kiitikio pamoja na mtambaji, ataitambua mbinu hii bila shida.

Wimbo mwingine katika albamu hiyo, Old Marcus Garvey, ndio unaobeba lalamiko tulilolitaja katika utangulizi. Unawataja viongozi na mashujaa wengine wa Jamaika wanaozungumziwa, kisha unasikitika kwamba Garvey hakumbukwi. Hapa ndipo swali letu linapopata jibu lake. Mwimbaji alijua kuwa Garvey ana kaburi la heshima. Alichokidai ni kwamba kaburi si kumbukumbu. Dola lilikuwa limemheshimu Garvey kama mtu wa zamani, ilhali mwimbaji alitaka mafundisho yake yapimwe katika maisha ya wakati huo: katika njaa ya mtu wa kawaida, katika ajira, katika umiliki. Kwa maneno mengine, kulikuwa na Garvey wa sherehe na Garvey wa madai, na wa pili ndiye aliyesahauliwa.

Mambo yaliyofuata yalilipa dai hilo uthibitisho usiotarajiwa. Kampuni ya Island ya Chris Blackwell, iliyokuwa imemtangaza Marley kwa mafanikio makubwa, iliisambaza albamu hiyo nje ya Jamaika. Kabla ya kuisambaza, sauti zilichanganywa upya kwa kuwalenga wasikilizaji wa rock wa Ulaya na Marekani, na uzito wa mchanganyiko wa awali wa Kingston ukapunguzwa. Rodney hakuridhika, na hakuficha kutoridhika kwake. Albamu inayomhusu Garvey, mtu aliyefundisha kwamba watu weusi wamiliki vyombo vyao wenyewe, ilirekebishwa na wasioiimba, kwa ajili ya soko ambalo mwimbaji hakulichagua, kwa sababu tu uamuzi haukuwa wake. Si neno hata moja la mashairi lililobadilishwa. Kilichobadilishwa ni mlio, na katika sanaa ya sauti mlio ni sehemu ya maana.

6.0 Kutoka kuimba kujitegemea hadi kujitegemea

Baada ya hapo Rodney alianzisha lebo yake aliyoiita Spear. Mwaka 1976 ilitoka Man in the Hills, kazi yake ya mwisho na Ruby. Aliachana pia na Willington na Hinds, akabaki peke yake na jina la Burning Spear. Albamu ya Dry & Heavy ya mwaka 1977 aliitayarisha mwenyewe, ingawa usambazaji uliendelea kuwa mikononi mwa Island. Mwaka 1980 alishirikiana na Aston Barrett kutayarisha Hail H.I.M. katika studio ya Tuff Gong, aliyoianzisha Marley. Katikati ya miaka ya 1980 alihamia New York, na huko yeye na mkewe, Sonia Rodney, wakaijenga kampuni yao ya Burning Music.

Tukitazama mfululizo huu tunaona kuwa kujitegemea hakukuja kwa mkupuo mmoja. Kwanza alimiliki lebo, kisha jina la kundi, kisha utayarishaji, na mwishowe usambazaji. Tena hakukuwa safari ya kwenda mbele tu, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirudi Island kwa albamu mbili. Albamu ya Calling Rastafari, iliyotoka 1999, ilimpatia tuzo ya Grammy mwaka 2000. Ya pili aliipata mwaka 2009 kwa albamu ya Jah Is Real, na safari hii kazi ilikuwa imetolewa na kampuni yake mwenyewe. Kati ya tuzo hizo mbili, mwaka 2007, serikali ya Jamaika ilimtunuku nishani ya Order of Distinction. No Destroyer, iliyotoka miaka 15 baada ya Jah Is Real, nayo ni ya Burning Music.

Haki inatutaka tuutazame upande wa pili. Bila Island, huenda sauti ya Rodney isingefika London, Paris na kwingineko kwa haraka ile. Maonyesho yake ya mwaka 1977 katika ukumbi wa Rainbow jijini London, akisindikizwa na bendi ya Aswad, yaliwezekana kwa sababu alikuwa amekwisha kusikika huko kupitia kampuni kubwa. Aidha, uhuru wa kumiliki lebo una gharama zake: msanii anakuwa mhasibu, wakala, na mlipaji wa hasara. Makala haya hayadai kuwa kampuni kubwa ni adui wa msanii kwa asili yake. Yanadai kwamba msanii asiyekuwa na haki ya uamuzi juu ya rekodi yake hana namna ya kulinda kile alichokikusudia, hata pale ambapo nia ya msambazaji si mbaya.

7.0 Mipaka ya wimbo kama ushahidi

Itakuwa kosa kuzichukua nyimbo za Rodney kama jalada la historia. Wimbo huchagua, na mifano miwili inatosha.

Wa kwanza unamhusu Garvey na Mfalme Haile Selassie. Katika imani ya Urastafari, na katika nyimbo za Rodney, wawili hao wanakaa pamoja bila mgongano: Garvey kama nabii, Selassie kama mwenye enzi. Maandishi ya Garvey yanaonyesha picha tofauti. Baada ya Italia kuivamia Ethiopia na mfalme kuondoka nchini mwaka 1936, Garvey alimkosoa vikali katika jarida lake la The Black Man, akimlaumu kwa kutoiandaa nchi yake. Ukosoaji huo hauna nafasi katika rege. Waumini hawakuuhitaji, kwa hiyo haukuimbwa.

Mfano wa pili unatugusa moja kwa moja. Mkuki uwakao aliouenzi Rodney ni Kenyatta wa Kapenguria. Lakini mwaka 1969, Rodney alipokuwa akirekodi kwa mara ya kwanza, Kenyatta alikuwa rais wa taifa lililokuwa katika msukosuko: Tom Mboya aliuawa Julai mwaka huo, na kufikia mwisho wa Oktoba chama cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, amewekwa kizuizini. Jina lilivuka bahari likiwa limebeba miaka ya mapambano, na miaka ya utawala ikabaki nyuma. Kumbukumbu ya kusafiri huenda na mzigo mwepesi.

Mifano hii haipunguzi thamani ya nyimbo kwa mwanahistoria. Inatufundisha namna ya kuzisoma. Wimbo hautuambii kwa ukamilifu yaliyotokea mwaka 1921 au 1936. Unatuambia kwa uhakika yale ambayo watu wa mwaka 1975 walihitaji kuyakumbuka, na huo pia ni ushahidi wa kihistoria.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Tarehe 29 Novemba 2018 UNESCO iliiingiza rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima kubwa, lakini kwa mtazamo wa makala haya inafanana na kaburi la mwaka 1964: utambuzi wa hadhi pekee hausemi lolote kuhusu nani anashika kanda na nani anapokea mrabaha. Maisha ya Rodney yanaonyesha kuwa kumbukumbu iliyo hai inahitaji mambo mawili kwa pamoja, yaani sauti inayorudia na mkono unaomiliki.

Nchi zetu zina hazina kubwa ya kumbukumbu za sauti: taarab, muziki wa dansi, ngoma na nyimbo za harakati za uhuru, nyingi zikiwa katika maktaba za redio za taifa na za kampuni za zamani za santuri. Sheria mpya tunazo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2001, na Uganda mwaka 2006. Hata hivyo, kama ilivyokuwa Jamaika, sehemu kubwa ya rekodi za thamani ni za kabla ya sheria hizo. Kutokana na hali hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila mradi wa kuhamishia kanda za zamani katika mfumo wa kidijitali uanze kwa kubainisha na kuandika wenye haki, yaani watunzi, waimbaji, wapigaji na warithi wao, kabla ya kuziweka hadharani. Kanda ikishasambaa bila kumbukumbu ya wenyewe, haki yao ni vigumu kuirejesha.

Pili, mikataba ya kurekodi na ya usambazaji iandikwe au ifasiriwe kwa Kiswahili, na vyombo vya hakimiliki vya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, visanifishe istilahi zake. Msanii anayetia saini asichokielewa hayuko mbali na yule wa Kingston aliyeacha kanda mlangoni kwa malipo ya siku moja.

Tatu, nyimbo za kihistoria ziingizwe katika ufundishaji wa historia kama ushahidi wa kuhojiwa, zikilinganishwa na nyaraka. Mwanafunzi atakayesikiliza wimbo unaomtukuza kiongozi, kisha akasoma magazeti ya miaka ya utawala wake, atakuwa amejifunza kukumbuka na kuhoji kwa wakati mmoja.